Mpini wa Nasimiyu

Saa nane mchana, lango la wafanyakazi la lile jengo la maduka huwa halina adabu. Wapishi wanaingia, wasafishaji wanatoka, wasichana wa duka la manukato wanamalizia kupaka rangi ya midomo wakiwa kwenye foleni, na kila mmoja lazima afungue mkoba wake mbele ya askari. Siku hiyo ya Februari, mwaka 2016, foleni ilisimama kabisa. Aliyeisimamisha ni msichana mrefu mwenye blauzi ya manjano, nywele kasuka mistari, begani kaning'iniza mfuko mrefu wa turubai.

"Umebeba nini, dada?" askari akamwuliza.

"Upanga."

Waliokuwa nyuma walicheka. Askari hakucheka. Alikuwa kijana mweusi tii, shati lake jeupe limepigwa pasi likapigika, na kwenye beji yake pameandikwa Laban.

"Fungua."

Msichana akafungua, akatoa na barua ya kampuni. Laban aliisoma yote, muhuri na tarehe, kisha akauangalia upanga. Chuma chenyewe kilichokuwa kinang'aa, ambacho kila mtu alikuwa anakikodolea macho, hakukijali. Aliangalia mpini, uliozungushiwa plasta ya hospitali tabaka juu ya tabaka.

"Nani amefunga hii kitu?"

"Mimi."

"Umeifunga vibaya."

"Kwani wewe ni askari ama ni fundi?"

"Hapa mimi ni askari," Laban alisema, akamrudishia barua. "Pita."

Nasimiyu alipita amenuna. Hata hivyo aligeuka nyuma mara mbili, na mara ya pili alimkuta anamtazama.

Sasa, huyu Nasimiyu hakuwa mtu wa kubeba panga mitaani. Alikuwa mwanasarakasi wa Nairobi, mzaliwa wa Bungoma, aliyechukuliwa Doha kwa ajili ya onyesho kubwa lililokuwa linaandaliwa ndani ya jengo hilo: ngome ya mbao, farasi wa bandia, na mashujaa wa Ulaya ya zamani waliovaa mavazi ya chuma. Yeye alipewa nafasi ya shujaa mkuu, yule anayepigana saa nzima bila kuonyesha uso, halafu mwishoni anavua kofia ya chuma na watu wanagundua kumbe ni mwanamke. Hakuna msichana pale ambaye hakuitamani nafasi hiyo.

Tatizo lilikuwa upanga. Ulikuwa nakala ya panga za miaka mia sita iliyopita, makali yake butu, uzito wake wa kweli, na mpini wake ulitengenezwa kiwandani kwa ajili ya viganja vya wanaume wakubwa. Ulikuwa wa mviringo kama mpini wa jembe, umefunikwa ngozi ya bandia inayoteleza ukitoka jasho. Mara mbili Nasimiyu alikuwa ameudondosha mbele ya kikosi kizima. Herbert, Mjerumani mwenye mvi aliyekuwa akiwafundisha kupigana, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba akiudondosha mara ya tatu, ataungana na wale wanaosimama nyuma wakishika bendera.

"Huyo askari unayemtukana," Scovia alimwambia jioni hiyo, "ndiye alinishonea mkanda wa mkoba wangu." Scovia alikuwa Mganda, mtunza stoo ya mavazi na silaha za onyesho, mama wa watu asiyeficha neno. "Alikuwa fundi wa viatu vya ngozi huko kwenu Nairobi, soko la Kariokor. Nenda umwombe, nyabo. Kiburi hakitakushikia upanga."

Nasimiyu akaenda. Laban alimsikiliza akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anapokea amri.

"Upanga ukishaingia stoo hautoki," alisema. "Nitakuja mimi, wakati wa mapumziko yangu. Kesho ubebe unga wa ngano."

"Unga?"

"Unga."

Usiku Nasimiyu alilifikiria jambo hilo akaona amelielewa: kijana ana njaa, anaona haya kusema. Kesho yake akamletea chapati nne na mchuzi wa nyama kwenye bakuli lenye mfuniko. Laban alifunua bakuli.

"Nilisema unga."

"Nikajua ni aibu tu inakusumbua."

"Nilitaka unga uliokandwa, uushike, nione alama ya mkono wako." Kisha akakaa kwenye kreti, akamega chapati. "Lakini na hizi hazijakosea njia."

Siku iliyofuata akaja na donge la unga mgumu ndani ya karatasi ya nailoni. Laban alimwambia alishike kama anavyoshika upanga, alibane, aachie. Akaligeuza donge kwenye mwanga wa taa. Vidole vitatu na gumba vilikuwa vimezama vizuri. Mahali pa kidole cha mwisho palikuwa pameguswa tu.

"Hiki hakikunjiki," Laban alisema.

Nasimiyu akaficha mkono nyuma. Kidole kile kilivunjika miaka mitatu nyuma, kwenye mazoezi ya kurukiana, kikaunga vibaya. Kwenye fomu za kampuni aliandika hana jeraha lolote. Hakuna mtu Doha nzima aliyejua, hata Scovia.

"Wakijua, watanitoa," alisema. "Laban, tafadhali."

"Haitatoka kwa mdomo wangu."

Alisema hivyo, kwa upole, na Nasimiyu akamwamini papo hapo.

Wiki mbili zilizofuata, mapumziko ya dakika arobaini yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kuyaona. Laban alifungua kile kirungu cha chuma kilicho mwisho wa mpini, akauchomoa mpini wote, akauvua ile ngozi ya bandia kama anamenya muhogo. Mti uliobaki akausugua kwa msasa, akipima kwenye donge la unga, anasugua tena. Aliuondolea ule mviringo, akauacha na umbo la yai lililobanwa. Nasimiyu alipouliza kwa nini, alimfunga macho kwa kitambaa, akampa ashike.

"Makali yako wapi?"

"Huku chini."

"Umejuaje?"

Mkono ndio uliojua. Nasimiyu akavua kitambaa, akamtazama huyu mtu ambaye kutwa nzima anakagua mikoba ya watu, na hakuna hata mmoja anayeuliza mikono yake inaweza nini.

Baada ya msasa ukaja uzi wa katani, umezungushwa kwa gundi, mstari kando ya mstari, bila hata nafasi ya kupitisha wembe. Juu yake akaweka ngozi ya mbuzi, kahawia nyepesi, aliyoilowesha maji kwanza ili ikikauka ijibane yenyewe. Ilikuwa kipande pekee alichokuja nacho kutoka Kariokor. Aliishona ubavuni kwa sindano nene ya fundi viatu, akaifunga kamba kwa nguvu na kuiacha siku mbili. Alipoifungua kamba, ngozi ilikuwa imebaki na matuta madogo, na kila tuta lilikaa kati ya vidole vya Nasimiyu pale pale panapotakiwa. Mahali pa kile kidole kibovu alikuwa ameacha bonde dogo, ili kikae bila kulazimishwa.

Nasimiyu aliushika, akauzungusha mara moja, ukasimama hewani alipotaka usimame. Machozi yakamlenga. "Fundi," alisema, akauzungusha tena.

Ijumaa, ambayo Doha ndiyo siku ya ibada hata kwa Wakristo, walitembea Corniche, kando ya bahari, baada ya kanisa, yeye na gauni la kitenge, Laban na shati la bluu lenye mikunjo ile ile ya pasi. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, shujaa wangu?"

"Bado. Nakungoja unikague mkoba kwanza."

"Mkoba wako nimeukagua, hauna kitu. Kuna soksi na ndizi."

"Na moyo wangu je, hukuuona?"

"Huo niliutoa jana. Nimeuandika kwa kitabu cha lango, na saa niliyouchukua."

Nasimiyu alicheka mpaka wenzake wa chumbani, kule Al Thumama, wakamtupia mto.

Zikiwa zimebaki siku nane kabla ya onyesho, Herbert alipita akikagua silaha zote. Alichukua upanga wa Nasimiyu, akaushika. Akaubadilisha mkono. Akapitisha dole gumba kwenye lile bonde dogo, polepole, huku kikosi kizima kinatazama.

"Kidole chako cha mwisho hakikunjiki," alisema.

Nasimiyu akauficha mkono nyuma, akiwa amechelewa.

"Nenda nyumbani," Herbert akamwambia. "Upanga uache hapa. Jumamosi nitakupa jibu."

Alipiga simu akiwa hata hajafika kituo cha basi.

"Umemwambia."

"Nimemwambia nani?" Laban aliuliza. "Nasimiyu, unalia?"

"Ni wewe peke yako ulijua. Doha nzima ni wewe tu."

"Nisikilize kwanza."

"Nilikusikiliza siku ile na kitambaa kwa macho. Inatosha."

Akakata, akaifungia namba yake. Kesho yake alikwenda langoni amkabili, akakuta askari mwingine aliyeitwa Reuben, ambaye alimwambia kwamba kampuni ya ulinzi imemhamishia Laban Lusail, mji mpya unaojengwa kaskazini. Nasimiyu akasema moyoni kwamba mwenye kosa ndiye anayekimbia. Siku tatu hakula vizuri, na kilichomwuma zaidi hakikuwa nafasi ya shujaa. Kila aliposhika kitu, kikombe, kitasa, bomba la basi, kiganja chake kilikuwa kinatafuta ule mpini.

Jumamosi asubuhi alimkuta Herbert stoo, ameketi kwenye kreti ya Laban, upanga magotini. Scovia alikuwa anakunja majoho na kujifanya hasikii.

"Nani alikutengenezea huu?"

"Yule aliyekwambia habari ya kidole changu."

Herbert akakunja uso. "Hakuna aliyeniambia. Nimeshika panga miaka thelathini. Fundi aliyefanya matuta haya hawezi kuacha bonde kwa bahati mbaya. Nilipoweka mkono wangu, nikaona wa kwako." Akamnyooshea upanga, mpini mbele. "Nionyeshe pigo la mwisho. Lile ulilokuwa unashindwa."

Nasimiyu alivua viatu. Alipiga lile pigo mara moja, mara tatu, mara kumi, mpaka Scovia akaacha kukunja majoho. Upanga haukuteleza hata unywele.

"Ulinidanganya kwenye fomu, na hilo tutalirekebisha kwa daktari leo," Herbert alisema. "Lakini shujaa wangu ni wewe. Na huyo fundi namtaka. Kuna panga nyingine kumi na mbili hapa."

Alipotoka, Scovia alimgeukia Nasimiyu, mikono kiunoni.

"Umefurahi?"

"Nimeaibika."

"Banange. Basi aibu hiyo ipeleke Lusail, mimi usiniachie."

Aliifungulia namba ya Laban, ikawa inaita bila kupokelewa. Kesho yake, siku yake ya mapumziko, Nasimiyu alipanda basi mpaka Lusail, akiwa na lile gauni la kitenge na mfuko mdogo mkononi. Upepo ulikuwa unarusha vumbi la majengo, winchi zimesimama kila upande. Alimkuta Laban kwenye kibanda cha lango, na koti la rangi ya chungwa juu ya shati lililopigwa pasi. Laban alimwona akija tangu mbali. Alipofika, alimwuliza kwa sauti ya kazi:

"Umebeba nini, dada?"

"Unga."

"Fungua."

Hakufungua. "Mpini ndio ulimwambia," alisema. "Herbert aliushika tu, akajua. Nilikukosea, Laban. Nilikuhukumu hata sijakuuliza."

Laban aliangalia chini. "Siku ulipokata simu, nilikaa nikafikiri. Nikaona ni kweli, ni mimi nilisema. Si kwa mdomo, lakini nilisema. Ningeweza kujaza pale pasionekane, ila upanga ungekuumiza. Nikachagua peke yangu. Ningepaswa kukuuliza wewe kwanza, mkono ni wako."

"Ungeniuliza ningekataa, na saa hii ningekuwa nashika bendera."

"Bado ningekuuliza."

Nasimiyu alimpenda kwa neno hilo kuliko kwa ule mpini. Akafungua mfuko, akatoa donge la unga ndani ya nailoni.

"Shika. Bana, uachie."

"Mimi? Unanitengenezea nini?"

"Mwezi wa nane naenda likizo Bungoma. Mama ataniuliza huyo Laban ni mtu wa aina gani, na mimi maneno yataniishia. Nitamwonyesha mkono wako."

Laban alilishika donge kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoachia, vidole vyote vitano vilikuwa vimezama sawasawa, na kwenye dole gumba ulionekana mkato wa zamani wa kisu cha ngozi. Nasimiyu akaanza kulifunga tena, anazungusha nailoni huku na huku.

"Huo unga utakauka, utapasuka hata kabla hujafika Nairobi," Laban alisema.

"Nitaufunga vizuri."

"Wewe? Nimeona vile unafunga vitu." Akamnyang'anya mfuko taratibu, akauweka mezani nyuma yake. "Acha huo mkono niupeleke mwenyewe. Nitasimama mbele ya mama, aukague."

Lori la mchanga lilifika langoni, likapiga honi. Laban, ambaye hakuwahi kuchelewesha gari hata moja, aliliacha lipige honi mara ya pili na ya tatu, maana mkono wake ulikuwa umeshikwa.