Ufa wa Juu ya Jiko la Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanvita alipanda na rula hadi kwenye ufa wa ardhi uliokuwa kwenye mteremko, juu ya nyumba ya bibi yake, huko milimani Uluguru. Aliupima upana, akaandika daftarini. Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Paskalia, mhadhiri wa chuo mjini Morogoro, aliyebeba kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo na blanketi likawa tamu. Siku tatu Mwanvita hakupanda. Aliandika “sentimita nne” mara tatu, kila mara kwa kalamu ya rangi nyingine, ili uongo usionekane umezaliwa siku moja.

Jumamosi Mwalimu Paskalia alifika. Bibi Mwaisha alikuwa ameshafunga mkeka na masufuria. Mlima ukiwa si salama, angehamia kwa mdogo wake.

“Programu hii ni ya bure, bibi,” alisema Mwalimu, akiingiza kwenye kompyuta vipimo vya daftarini. “Walioitunga wameiacha wazi, yeyote aifungue aone inavyopiga hesabu. Inauchora mlima kama punje zilizoshikana, pamoja na nyufa zake.”

“Ya bure? Siku hizi hata choo cha stendi ya Msamvu tunalipia.”

Kwenye kioo punje zilitulia. “Kwa vipimo hivi, mlima umesimama. Kaa tu, bibi.”

Bibi akaanza kufungua mkeka. Mwanvita alinyakua rula, akapanda mbio, akarudi ametapakaa tope.

“Mwalimu, zile nne nilizitunga.”

“Zote?”

“Tatu za mwisho. Leo ni kumi na moja.”

Mwalimu akaingiza kipimo kipya. Punje zikaachana, zikaporomoka hadi kwenye kidoa chekundu.

“Hicho chekundu nini?” aliuliza Bibi.

“Jiko lako.”

Bibi akaufunga mkeka. “Mbuzi atangulie. Yeye hana ubishi.”

Jumatatu mchana mlima ulishuka, ukalifukia jiko. Hakukuwa na mtu ndani.

“Kompyuta haijui kama ulipanda au ulilala,” Mwalimu Paskalia alimwambia Mwanvita. “Inaamini ulichoandika, nami pia. Usipopima, acha nafasi wazi; ningeiona, ningeuliza. Namba ya uongo haiulizwi. Ila ulisema mapema, ndiyo maana bibi yako yupo.”

Bibi Mwaisha alinyoosha mkono, akachukua kalamu mbili kati ya zile tatu za mjukuu wake, akamwachia moja.

“Ya bluu inakutosha,” alisema.