Bolti Mbili Katika Nepi ya Daudi

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya mizani. Evodia alichota maji, akafagia uwanja, akamwogesha mdogo wake Daudi, kisha akambeba mgongoni hadi kituo cha kulishia watoto. Mama yao alikuwa amekwisha kwenda kuvuna mtama. Evodia alikuwa na miaka kumi na miwili. Daudi, mwaka mmoja na nusu. Kijiji chao kipo njia ya kwenda Chemba, na mwezi wa saba upepo wa huko hupenya hata sweta nzito ya mtumba.

Kituoni, mizani ilining'inia kwenye boriti. Mtoto alivishwa kaptula ya kupimia, akatundikwa, akapiga mateke hewani. Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye watoto wote walimwita shangazi Restuta, alisoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiwa kwenye kijani, mtoto anakua vizuri. Kijivu, uzito ni mdogo. Nyekundu, ni hatari. Watoto wa kijivu na nyekundu walikunywa uji wa mtama na karanga hapo kituoni kila adhuhuri. Mtama na karanga hizo vilichangwa na kila kaya.

Nukta ya Daudi ilikuwa kwenye kijivu kwa mwezi wa tatu mfululizo.

"Evo, huyo mnamlisha upepo?" aliuliza Mishi, aliyekuwa amembeba mdogo wake mnene.

"Wa kwenu anakula na sehemu yako, ndiyo maana umekonda," alijibu Evodia. Foleni nzima ilicheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani yeye aliitazama ile nukta ya kijivu.

Mwezi wa nane alipata wazo ambalo aliliona zuri. Baba yake alikuwa amefungua bolti mbili kubwa za mkokoteni ili azipake mafuta. Evodia alizikunja ndani ya nepi ya Daudi, akaifunga vizuri.

"Kilo tisa," alisema shangazi Restuta, akitabasamu. "Kijani. Hongera, mama yako atafurahi."

Evodia alijiona mrefu kama mnazi, mpaka shangazi Restuta alipofungua daftari na kupiga mstari juu ya jina la Daudi.

"Uji wake sasa tumpe mwingine. Mwaka huu karanga ni chache."

Evodia alimfunga Daudi mgongoni, akaondoka haraka.

Jumatatu, adhuhuri ilipofika, Daudi alichukua kikombe chake cha plastiki akaanza kutembea kuelekea kituoni, kama alivyozoea. Evodia alimrudisha. Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano pia. Alhamisi Daudi hakuinuka. Alikaa mlangoni na kikombe mapajani, akitazama njia.

Evodia hakuvumilia tena. Alimweka mgongoni, akachukua zile bolti, akaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona na vyuma?"

"Hivi ndivyo vilivyokuwa kijani," alisema Evodia, machozi yakimtoka.

Shangazi Restuta alizipima bolti: robo tatu ya kilo. Alimpima Daudi, safari hii bila nepi, akaisahihisha nukta. Kisha akamimina uji, akampa.

"Utamwambia mama?" aliuliza Evodia.

"Utamwambia wewe. Mimi nitasimama karibu yako."

Jioni ile mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Alikaa chini polepole. "Nami namwachia ugali na mlenda asubuhi, hadi nirudi jioni," alisema. "Nilidhani anashiba."

"Anashiba, dada, lakini tumbo lake ni dogo," alisema shangazi Restuta. "Ale kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Na huo mlenda utie karanga zilizopondwa."

Kesho yake baba alileta kisufuria kidogo, kikawa cha Daudi peke yake. Jina lake lilirudi kwenye daftari. Evodia aliogopa kwamba mtoto mwingine angekosa, lakini Mishi alikuja kituoni na bakuli la karanga kichwani.

"Mama ameniambia nilete," alisema, akitazama miguu yake. "Ila samahani kwa yale maneno ya upepo ni yangu mwenyewe."

"Asante," alisema Evodia, na wakazimenya pamoja.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha, mama alikwenda nao kituoni. Evodia alifungua nepi ya Daudi kabla hajaulizwa.

"Leo hakuna vyuma?" alitania shangazi Restuta.

"Hakuna, shangazi. Ni Daudi peke yake."

Mshale ulitulia kwenye kilo tisa na robo tatu. Nukta iliingia kwenye kijani. Mama alimshika shangazi Restuta mikono yote miwili, akashindwa kusema zaidi ya asante.

"Asante ni kwa Evo pia, aliyerudi kusema kweli," alisema shangazi Restuta, akiwageukia watoto waliokuwa kwenye foleni. "Kadi hii haikuwekwa ili itusifu wala itutie aibu. Inatuambia mtoto anahitaji nini. Tukiidanganya, anayekaa na njaa ni yeye, asiyeweza kujisemea."

Daudi alinyoosha kikombe chake kuelekea sufuria kubwa ya kituo. Evodia alicheka, akamwinua.

"Uji huo ni wa wenzako sasa," alimwambia. "Twende nyumbani, wako uko jikoni."