Kadi Iliyolazwa Kifudifudi

Mwamuzi alikutwa chumba cha nyuma cha duka la kadi, amelala chali kando ya sefu ya chuma. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kwenye kona ya sefu palikuwa na damu na nywele chache za mvi.

Daktari wa polisi alichuchumaa, akamgusa shingo, akasema mwili bado una joto. Kwa maoni yake mtu huyu alisukumwa kifuani, akaenda kinyumenyume, fuvu likakutana na chuma. Silaha haikuwapo.

Inspekta alisikiliza akiwa mlangoni. Alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Mkewe alizoea kusema kwamba mume wake akisalimiwa, huuliza kwanza kwa nini.

Katika chumba cha mbele watazamaji wa fainali walikuwa wamekalishwa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akimkodolea mwenzake macho. Mwenye duka, mama mmoja mwenye pumzi fupi, ndiye aliyeugundua mwili, na ndiye aliyeeleza. Klabu yao hucheza kadi za vita. Kila kadi ina picha, na chini ya picha kuna maneno yanayosema kadi hiyo ina nguvu gani. Siku hiyo kadi mbili zilikuwa zimegongana.

Mfamasia, mwanamke mwenye kinywa kikali, alikuwa ameweka Ngome. Maneno ya Ngome yanasema kadi za mwenye ngome haziwezi kuondolewa mezani. Mpinzani wake, fundi saa, bingwa wa zamani, akatupa Mafuriko. Maneno ya Mafuriko yanasema kadi zote mezani ziondolewe. Moja inaamuru, nyingine inakataza. Kila mtu akashika lake, sauti zikapanda, watazamaji wakagawanyika. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akakataza mtu yeyote kugusa kitu, akaenda chumba cha nyuma kusoma kanuni zake kwa utulivu. Wengine wakatoka kunyoosha miguu. Mapumziko yalipokwisha hakurudi, mama akamfuata.

"Watu wazima na akili zao," Sajenti alimnong'oneza Inspekta, "wanagombania picha."

Inspekta akamjibu kwamba yeye aliwahi kushika kesi ya watu waliotoana roho kwa sababu ya jogoo.

Sajenti tayari alikuwa na mtu wake. Mfamasia alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba mwamuzi akimwonea leo atamtambua. Na alionekana akipita kwenye ujia wa nyuma.

"Ulipita huko?" Inspekta alimuuliza.

"Nilipita. Nilikwenda msalani."

"Mlango wa mwamuzi ulikuwaje?"

"Umefungwa. Kulikuwa na watu wawili wanaongea ndani."

"Nani na nani?"

"Mwamuzi namjua sauti. Wa pili alikuwa anaongea chinichini. Sikusimama, kusikiliza mambo ya watu ni aibu."

"Hadithi kama hiyo hata mimi ningeitunga," Sajenti alisema, na pingu zikawa mkononi mwake.

Mfamasia hakulia. Alisema tu kwamba nyumbani ana mama aliyepooza, hawana mtu mwingine, na akilala mahabusu leo mama huyo atalala na njaa, atalala na mkojo. Alilisema taratibu, akimtazama Inspekta. Inspekta akaamuru pingu zirudi kiunoni kwa muda. Moyo ulimuuma, na papo hapo akaanza kuushuku huo moyo, maana wauaji nao wana mama.

Akaiendea meza. Mwenye duka alikuwa na mazoea ya kuipiga picha meza kwa simu kila ugomvi unapozuka, ili asije mtu akadai kadi yake ilikuwa mahali pengine. Inspekta akaomba simu, akaanza kulinganisha, kadi moja moja. Vitu vyote vilikuwa vilevile isipokuwa kimoja. Kwenye picha Mafuriko ilikuwa katikati ya meza, uso juu. Mezani ilikuwa imelazwa kifudifudi, upande wa kulia wa fundi saa, imenyooshwa vizuri sambamba na ukingo.

Alimuuliza mwenye duka nani alitangulia kurudi mezani. Fundi saa, alisema mama, alirudi mapema akakaa zake kimya. Mfamasia alirudi na kundi, na tangu hapo macho ya watu hayakutoka mezani.

Kisha akamnong'oneza mtaalamu wa alama za vidole, ambaye alikwishachukua alama za kila mtu mle ndani. Kadi za fainali huvishwa mifuko mipya ya plastiki, hivyo kazi haikuwa ngumu. Mtaalamu alirudi na jibu fupi: mfuko wa Mafuriko ulikuwa na alama za mtu mmoja tu.

Fundi saa aliitwa. Alikuwa mzee mtulivu, mwenye vidole virefu vya kazi ndogondogo, na wote pale walimwamkia kwa heshima. Inspekta akajitia mbumbumbu.

"Mzee, mimi mchezo wenu siujui. Nifundishe. Kadi ikishafanya kazi yake inakwenda wapi?"

"Kwenye rundo, uso juu."

"Na ikibatilishwa?"

"Mwamuzi akishaibatilisha, mwenyewe anailaza kifudifudi kuliani kwake. Ndiyo adabu ya meza yetu."

"Mpinzani wako hawezi kukusaidia kuilaza?"

"Akiigusa ameshindwa hapohapo. Hapa hakuna anayegusa kadi ya mwenzake hata nyumba ikiungua."

"Na Mafuriko yako, imebatilishwa?"

"Bado. Uamuzi haujatoka."

"Mwenyewe unaonaje?"

"Mafuriko haizuiwi na kitu. Muulize yeyote hapa, nimelisema hilo miaka yote."

"Wakati wa mapumziko ulionana na mwamuzi?"

"Hapana. Nilikuwa nje, napunga upepo."

Njia ya mwongo ni fupi. Inspekta akaweka simu mezani, kando ya kadi.

"Basi nani alikwambia imekufa?"

Fundi saa alitazama picha, akatazama kadi, halafu akautazama mkono wake wa kulia. Inspekta alijua kwamba wakili hodari angeweza kusimama pale na kusema mzee alijisahau tu. Aliliogopa sana jambo hilo. Lakini mzee hakutafuta pa kutokea.

"Sikumbuki kuilaza," alisema. "Mkono umezoea."

"Uliingia kwake."

"Niliingia. Nilikwenda kumkumbusha uamuzi wake mwenyewe."

Zamani, alisema, kadi hizohizo mbili ziligongana kwenye fainali katika meza hiyohiyo, na mwamuzi alikuwa huyuhuyu. Yeye alikuwa na Mafuriko. Mwenye Ngome alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mwamuzi akasema Mafuriko inapita, naye akawa bingwa. Mdogo wake akakataa kabisa, akadai kaka amepanga njama na mwamuzi. Wakarudi nyumbani na ugomvi, na mbele ya mama yao yeye akamwita mdogo wake mwongo asiyejua kushindwa. Wakanuniana. Mdogo akaugua. Kaka hakwenda kumwona, alitaka kwanza aombwe radhi.

"Amekufa?"

"Amekufa hatujasemeshana. Nilijifariji kwamba haki ilikuwa yangu. Leo mwamuzi ananiambia katazo hushinda amri, siku zote. Nikamuuliza, na ile siku? Akasema ile siku alikosea. Alijua siku nyingi. Akacheka, akasema michezo ndivyo ilivyo, nishukuru nilikula ubingwa wa bure. Nikamsukuma. Nilitaka anyamaze tu."

Inspekta alikuwa na hasira, na hakuificha. "Sajenti alipotoa pingu ulikuwa unatazama. Ulisikia habari za mama yake."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Afande. Niliogopa."

Mfamasia akaambiwa aende nyumbani. Alichukua mkoba wake, akaziacha kadi zake zote mezani, akatoka bila kumtazama mtu. Sajenti akamwinua mzee na kumfunga pingu, safari hii bila maneno.

"Jambo moja silielewi," Inspekta alisema. "Ungeiacha kadi ilipokuwa, leo tungeondoka na yule dada. Umeua mtu, ukadanganya polisi, halafu unashindwa kumwibia mpinzani wako mchezo?"

Mzee aliigeukia ile kadi.

"Sidhani kama nilimlazia yeye," alisema. "Nilimlazia mdogo wangu."