Sahihi ya Peres Kwenye Mkaa wa Vifuu

"Kibe, hii si mkaa yetu."

Kibe alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha gari. Hakugeuka.

"Ni yetu, Peri. Vaa viatu tuende. Madam Janice anatungoja saa nne."

Peres alichukua punje chache kutoka kwenye chupa ya sampuli akazifinya kwa vidole. Hazikuvunjika. Akaziweka kwenye sakafu ya saruji akazikanyaga. Bado.

"Mkaa ya magunzi ukiifinya inakuwa unga. Hii ni ngumu kama kokoto. Hii ni ya vifuu vya nazi. Umeitoa wapi?"

Walikuwa uani kwa babake Kibe, Uthiru, nyuma ya nyumba za kupangisha. Hapo ndipo Peres alikuwa ameshinda miaka miwili akichoma magunzi ya mahindi ndani ya pipa lililozibwa, akiyaloweka kwenye potasi, akiyachoma tena na kuyaosha mpaka maji yatoke safi. Alisomea kemia. Alitaka mkaa wenye vitundu vidogo sana vya kunasa hewa ya ukaa kwenye moshi wa viwanda. Kibe ndiye aliyetafuta wateja. Mapenzi yao yalianzia kwenye hilo pipa, na harusi ilikuwa wiki tatu mbele.

"Kibe, nakuuliza."

"Sawa, nilinunua!" Kibe akageuka. "Ulitaka nifanye nini? Wewe mwenyewe uliniambia yetu imefeli."

"Sikusema imefeli. Nilisema moshi ikiwa na mvuke, maji inaingia kwa vile vitundu kwanza, hewa inakosa nafasi. Nikasema nipe miezi sita."

"Madam hana miezi sita! Leo anaamua nani atafunga mtambo kwa dohani ya kiwanda yake ya mikate. Tukikosa leo, tumekosa. Si tupate hii kazi kwanza, halafu urekebishe yako pole pole? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Kibe akamshika mabega. Sauti ikawa laini.

"Peri wangu. Nafanya hii kwa sababu yetu. Mamako na wale wamama wa Rongo wameweka magunia mia mbili ya magunzi kwa stoo ya kanisa, wanangoja lori. Utawaambia nini?"

Hapo alimpata. Peres akainamisha kichwa.

"Ile ripoti ya vipimo nani aliweka sahihi?"

"Mimi. Ikiharibika ni mimi. Wewe kaa tu hapo, usiseme kitu."

Peres akavaa viatu. Alimpenda, na aliona kwamba mtu anayekubali kubeba lawama peke yake si mtu mbaya.

* * *

Ofisi ya Madam Janice ilikuwa ghorofa ya tatu, Hurlingham. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mkazi wa Lavington, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Kibe alizungumza nusu saa nzima kama mhubiri. Alipomaliza, Madam alisukuma karatasi moja kuelekea kwa Peres.

"Binti yangu, huyu kijana anaongea sana. Mimi naamini hii. Nimependa umeweka jina lako. Mtambo ikikataa, najua nani wa kutafuta."

Peres akasoma. *Mimi, Peres Adhiambo Odero, nimetengeneza na kupima sampuli hii mwenyewe.* Chini yake palikuwa na sahihi yake, imeigwa vizuri, hadi kale kamkia ka mwisho. Alipindua ukurasa. Jina la Kibe halikuwepo popote.

Simu yake ikatetemeka mapajani.

*Nyamaza babe. Nitakueleza nyumbani.*

Kabla hajainua macho, ikatetemeka tena.

*Usiharibu. Ukisema, atakayeshikwa ni wewe, si mimi.*

Aliusoma ujumbe wa Kibe mara mbili. Kisha akaiweka simu mezani, mbele ya Madam Janice.

"Soma, Madam. Hiyo sahihi si yangu. Na huo mkaa si wa magunzi. Ni wa vifuu, umenunuliwa."

"Peri!" Kibe akaruka. "Madam, usimskize, ana presha ya harusi..."

"Keti." Madam alisoma ujumbe taratibu, akavua miwani. "Wewe msichana, ulijua lini kuhusu huu mkaa?"

"Leo asubuhi."

"Na bado ukaja ukaketi hapa."

"Ndiyo, Madam."

"Kama jina lingekuwa la huyu kijana, ungesema?"

Peres alishusha macho kwenye ile sahihi.

"Basi nyinyi wawili mnafanana. Tokeni."

* * *

Kwenye ngazi Kibe alimshika mkono.

"Umefurahi sasa? Umetumaliza!"

"Kwa nini jina langu, Kibe?"

"Wewe ndio uko na digrii! Nani angeamini yangu?"

"Na ningeshikwa?"

"Ningekutafutia wakili."

Alilisema bila kusita, kama jambo alilokuwa amelipanga zamani. Peres akautoa mkono wake taratibu.

"Ile pipa iko kwa boma ya baba," Kibe akasema. "Ukienda, usirudi kuichukua."

"Kaa nayo."

Aliteremka hadi Barabara ya Argwings Kodhek, akasimama chini ya paa la duka la dawa, akampigia mamake.

"Mama, lori haitakuja."

"Mbona? Wamama wameshaweka hata zamu ya kulinda."

"Waambie wachukue magunzi wapikie. Na harusi hakuna."

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa pili.

"Amekupiga?"

"Hapana, Mama."

"Ana mwingine?"

"Hapana."

"Sasa ni nini, mwanangu?"

"Aliniweka mbele kama ngao, Mama. Na akaniambia ananipenda."

Mamake akashusha pumzi ndefu. "Nitawaambia. Watanitukana, lakini nitawaambia."

* * *

Peres alihamia kwa binamu yake Ivyne, Kangemi. Kwa siku nne hakulia. Alifua, alipika, alijibu waliouliza kuhusu kadi za harusi. Ivyne akawa anawaambia watu, "Huyu dada ni chuma."

Siku ya tano, wakinywa chai, jina la Kibe likatokea kwenye simu. Peres akakiweka kikombe chini.

"Usifungue," Ivyne akasema.

Akafungua.

*Sasa Peri. Ulibeba ile kitabu ya vipimo? Ile ya potasi na moto. Nimepata mteja mwingine.*

Hakukuwa na neno lingine. Peres aliangalia kioo mpaka kikazima, halafu akalia kwa sauti, uso kwenye kitambaa cha meza. Ndipo alipojua kwamba siku zote hizo nne alikuwa akingoja aombwe msamaha, na kwamba angeombwa, angerudi.