Kichwani mwa Daktari

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barabarani, na mwenye duka, mikono ya shati la samawati kaikunja, alikuwa anazisoma kurasa za mteja badala ya kuzitoa kopi.

"We kaka, hiyo riwaya yangu," alisema mwalimu mwenye gauni la njano. "Nimekuja kutoa kopi, sijaja kusomewa."

"Samahani, dada. Ila huyu daktari wako anawaza nini? Kurasa tisini, bibie mpenzi wake tunamjua mpaka ndoto zake. Daktari, kimya."

Mwalimu alijua ni kweli. Kichwa cha mwanamume hakuwahi kukiingia, aliogopa kubuni.

"Basi niandikie wewe," alitania, akamwachia namba.

Simu hazikukatika mwezi mzima. "Mwandishi wangu, umekula?" "Nimekula, msomaji wangu mmoja." Kisha mwenye duka akamkabidhi karatasi iliyokunjwa.

*Nampenda. Akiingia dukani nasahau hesabu ya kopi. Naogopa kumwambia, amesoma kunizidi.*

Mwalimu alifurahi kupita kiasi, daktari wake ameanza kuwaza, na hapo ndipo alipoharibu. Riwaya yote aliisimulia kwa "yeye", mambo yakiwa yameshapita. Akashika kalamu nyekundu: *Alimpenda. Akiingia zahanati alisahau hesabu ya vidonge.* Pembeni akaongeza: "Safi! Ila anajihurumia mno, punguza." Akairudisha ichapwe.

Mwenye duka aliisoma, akaichapa, akamrudishia pamoja na karatasi yake. Siku tatu hakupokea simu.

Anawaza nini? Swali lilimnyima mwalimu raha. Alitoa ile karatasi, akasoma maneno yaliyokuwa chini ya wino mwekundu. Dukani. Kopi. Daktari wake lini amewahi kuuza kopi? Alijiona mjinga, akalia, kisha akavaa viatu.

Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Aliipita yote, watu wakinung'unika.

"Sikujua ni wewe," alisema.

"Mwalimu, kazi yako ilishatoka."

"Achana na kazi. Niambie kwa mdomo wako. Sasa hivi unawaza nini?"

Mwenye duka alizima mashine. Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Nawaza kwamba hawa wateja watanikimbia."

"Na kingine?"

"Kwamba nataka kukuoa." Akamsogezea kalamu. "Haya, sahihisha."

Mwalimu alimshika mkono juu ya kaunta.

"Hapo," alisema, "sigusi hata neno."