Fundi wa Vidole Tisa

Fundi cherehani alimgonga binti mmoja bila kukusudia kwenye foleni ya dirisha la dawa hospitalini, mafaili ya binti yakatawanyika sakafuni.

"Samahani, dada. Mkono huu umekuwa gogo tangu kioo kikate mshipa wa fahamu."

Binti alivaa koti jeupe juu ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na fundi hakuweza kuacha kutazama mshono. Binti akasahau mafaili yake. "Basi ni wewe ninayekutafuta. Natafiti jeni zinazoamka mshipa ukikatika. Ndizo zinazouamuru ukue tena."

"Zangu zitakuwa zimelala fofofo."

"Tutazigongea mlango," akacheka.

Kila Ijumaa fundi alikwenda maabara, akafumba macho, naye binti akamgusa ncha ya kidole cha shahada kwa uzi mwembamba. Walianza na damu na fomu, wakaishia kwenye simu za "umekula, mpenzi?" Na kwa kuwa mpenzi alifurahi kila aliposikia "nimehisi," fundi akawa anahisi hata pasipo na kitu. Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa ya sita alisema, "Hapo," na uzi ulikuwa bado mezani.

"Umenidanganya tangu lini?"

"Tangu nikupende."

"Na mimi nimeandika yote uliyosema." Akafunga daftari, wala hakumsindikiza mlangoni.

Wiki mbili simu haikupokelewa. Fundi alikosa raha, akapinda suruali za watu kwa mkono wa kushoto, zikaenda upogo. Siku ya kumi na tano ikapokelewa.

"Sikupigii kujitetea, laazizi. Nimekaa na sindano tangu asubuhi. Kiganja kinahisi, mpaka pale kidole kinapoanzia. Kidole chenyewe, hakuna kitu. Andika hivyo."

"Rudia polepole." Sauti ya binti ilikuwa imelainika.

Akarudia. "Na huenda kisiamke kamwe. Ungekubali kuolewa na fundi wa vidole tisa?"

"Kwenye utafiti nimeshakufuta, majibu yako hayafai kitu. Imebaki nafasi moja tu, nayo haina fomu."

"Ipi?"

"Ya mume. Lakini huko ukisema umehisi, uwe umehisi kweli."

Fundi akapapasa kutafuta kiti. "Nahisi magoti yameniisha nguvu," akasema.

"Hilo naliamini," binti akajibu.