Nyimbo za Ujana wa Mwalimu

Kila asubuhi ilikuwa vita. Mchomelea vyuma aliweka beseni sakafuni, akapiga magoti mbele ya baba yake, mwalimu mkuu mstaafu. Mzee akavuta mguu.

"Mwizi! Usiniguse!"

"Baba, ni mimi mwanao!"

Wapi! Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamfutia hata sura ya mtoto wake. Kidonda mguuni hakikuwa kimesafishwa siku nne, na kilianza kunuka. Daktari hakuficha kitu: kisiposafishwa kila siku, mguu utakatwa.

Beseni likapigwa teke, maji yakatapakaa mpaka mlangoni. Mchomelea vyuma akainua mkono, kisha akaushusha. Loo! Nusura ampige baba yake mzazi! Akatoka nje.

Muuguzi wa mtaa alimkuta pale kizingitini. Alimsikiliza, kisha akauliza, "Na redio hiyo inayopiga kelele humo ndani inamwimbia nani?"

"Yeye. Nasikia muziki unatuliza."

"Muziki wake mwenyewe, si wowote tu. Hizo kelele zinamchanganya zaidi. Ujanani alipenda nyimbo gani?"

"Baba? Alitukataza hata kupiga mluzi!"

"Wewe unamjua mwalimu mkuu. Nani anamjua kijana?"

Wakampigia simu shangazi, dada wa mzee. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo? Alikuwa anatoroka kupitia dirishani kwenda dansini!" Akawatajia nyimbo tatu. Zote zilipatikana kwenye simu.

"Zima redio," muuguzi alielekeza. "Weka wimbo mmoja, sauti ya chini, kabla hujamgusa. Mwangalie usoni. Wimbo ukimuumiza moyo, zima. Muziki hauponyi ugonjwa huu, ila unaweza kumtuliza."

Wimbo wa kwanza ulipoanza, mzee alishika kichwa, akalia kwa uchungu.

"Zima!" muuguzi akasema.

Wakasubiri atulie. Wakaweka wa pili. Kidole cha mzee kikagonga kiti, mara moja, mara mbili. Polepole, mguu ukanyooka wenyewe. Mwana akaanza kuosha.

Wakafanya hivyo kila siku. Siku nyingine mzee aligoma, wakaahirisha kidogo, wakajaribu tena. Wiki ya saba muuguzi alifungua bandeji, akatabasamu: kidonda kimefunga.

Mzee akamtazama mwanawe, aliyekuwa akimkausha vidole.

"Kijana, sijui wewe ni mtoto wa nani," alisema. "Lakini mikono yako haiumizi."

"Asante, Mwalimu," mwana akajibu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.